Aliyeshusha Sauti ya Mama Abiba

Watu wa Isiolo wakikuambia Akidor Lokorio ni mtu mgumu, hawamsingizii. Hakuwa mtu wa kuchekacheka. Salamu yake ilikuwa fupi kama kikohozi, na ukimkosea Jumatatu, Ijumaa alikuwa bado anakutazama kwa jicho lilelile. Kazini walimwogopa. Mtangazaji Mutuma aliwahi kunyoosha mkono kugusa mitambo yake, akachapwa kidole kwa kalamu mbele ya wageni. Toka siku hiyo Mutuma alikuwa akimwita "askari", naye Akidor hakumkataza.

Alikuwa na miaka thelathini na minne na kazi yake ilikuwa kuchanganya sauti katika kituo kidogo cha runinga kilichoitwa Mkondo, orofa ya pili juu ya duka la dawa za mifugo. Sauti zote za kituo hicho zilipita mikononi mwake kabla hazijamfikia mtu nyumbani: ya mtangazaji, ya mgeni, ya anayepiga simu kutoka Merti, ya muziki wa kufungulia. Kila sauti ilikuwa na njia yake kwenye mikisa, mtambo wa kuchanganyia sauti, na kila njia ilikuwa na fada yake, kile kitufe cha kusukuma juu na kuvuta chini. Mtu akivuta pumzi aseme, kidole cha Akidor kilikuwa kimeshafika. Mgeni akikohoa, alifunga. Wawili wakirukiana maneno, aliwaachia kidogo, kisha akampa nafasi mmoja bila mwingine kujua amepunguzwa. Watazamaji hawakumjua kwa jina wala sura. Sauti ikitoka safi, husifiwa mtangazaji. Ikikwaruza dakika moja, fundi ndiye hutukanwa.

Alianza kanisani, Kambi Garba, akiwa msichana wa miaka kumi na minne. Spika za kanisa zilikuwa zikipiga mluzi kila kwaya inaposimama, na wazee wakiamini ni ubovu wa umeme. Akidor alikaa Jumapili tatu akitazama, ya nne akaisogeza maiki ikakaa nyuma ya spika badala ya mbele yake. Mluzi ukakoma. Mchungaji alimwombea, mwalimu wa kwaya akamnunia kwa sababu alikuwa ameonekana mjinga. Baadaye alisomea kazi hiyo chuoni Meru miaka miwili, akarudi nyumbani na hedifoni zake shingoni.

Sasa, huyo Akidor alikuwa na mtu mmoja aliyemchukia kuliko wote chini ya jua, na mtu huyo ni Mama Abiba Umuro.

Mama Abiba alikuwa mwenyekiti wa akina mama wanaouza maziwa ya ngamia. Kila asubuhi, kwenye steji ya mabasi, mitungi ilishushwa kutoka kwenye magari ya vijijini, ikaonjwa, ikapimwa, ikapakiwa kwenye mabasi ya Nairobi kabla jua halijakaza. Akuam, mama yake Akidor, aliosha mitungi hapo miaka tisa. Siku moja maziwa ya mtungi mmoja yakaonekana mepesi. Mama Abiba aliyaonja, akayatema chini, akasema mbele ya akina mama wote na makuli wote, "Huyu Mturkana ametia maji." Akuam alikana. Hakuna aliyemsikiliza. Aliondoka steji mchana kweupe, kanga imemshuka begani, watu wakimtazama mgongo. Hiyo ilikuwa miaka sita nyuma, lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Akidor akimwona Mama Abiba barabarani alikuwa akivuka upande wa pili, si kwa woga, bali asije akamtamkia neno la kujutia.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, ukazuka mzozo wa soko. Mfanyabiashara mmoja aitwaye Warsame alikuwa amejenga soko jipya la maziwa kilomita nne nje ya mji, lenye vigae na maji ya bomba, na akataka akina mama wahamishiwe huko. Akina mama walikataa katakata. Mabasi hayangefika kule, walisema, na maziwa hayana subira. Kamati ya soko ilikuwa iamue Jumatatu. Kituo cha Mkondo kikatangaza mdahalo wa mubashara Jumatano saa tisa alasiri, Mama Abiba na Warsame uso kwa uso, katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Bulla Pesa. Wanakamati wengi walikuwa Oldonyiro kwenye mnada wa mifugo, nao walisema wangetazama hukohuko kwenye runinga ya hoteli.

Saa nane na nusu, Akidor akiwa kwenye pembe ya ukumbi anajaribu maiki, Rimberia alimjia. Rimberia ndiye aliyekuwa meneja wa kituo, mtu wa suti ya kijivu na sauti ya chini. Tangazo la duka la Warsame la mabati lilikuwa likipita kila baada ya habari, na kila mfanyakazi alijua maana yake.

"Warsame atoke vizuri," Rimberia alisema.

"Wote watatoka vizuri."

"Hujanielewa. Huyu mama ana mdomo. Mshushe."

Akidor aliivua hedifoni sikio moja. "Unataka nimzime?"

"Nikisema uzime utazima mbele ya watu na tutapigwa mawe. Nimesema mshushe. Asikike, lakini asisikike." Akamtazama kidogo. "Na wewe najua huna sababu ya kumpenda."

Akidor hakuuliza amejuaje. Isiolo si mji wa kuficha kitu. Alijibu, "Nimesikia," akarudi kwenye mitambo.

Alijua namna ya kufanya, na alijua kwamba haingeonekana. Spika za ukumbini zilikuwa na njia yake ya kutokea kwenye mikisa, na sauti ya runinga ilikuwa na njia nyingine. Waliokaa kwenye viti wangemsikia Mama Abiba kama kawaida, wapige makofi, waende zao. Aliyekuwa nyumbani angepata kitu kingine.

Mama Abiba aliingia na shungi jeusi, kifua mbele. Akidor mwenyewe ndiye aliyepaswa kumbania maiki kwenye vazi lake. Walisimama karibu kiasi cha kunusana.

"Salaam aleikum," Mama Abiba alisema kwa mdomo wa pembeni. Kisha akamkazia macho. "Wewe si msichana wa Akuam?"

"Usiguse hii waya," Akidor alimjibu. "Ukigusa itakwaruza."

"Sina haja ya kugusa vitu vyenu."

Mdahalo ukaanza. Mama Abiba aliongea siku hiyo kama mtu aliyelala na maneno kifuani mwezi mzima. Alieleza basi la kwanza linaondoka saa ngapi, mtungi unachacha baada ya muda gani, mama mwenye mtoto mgongoni atatembeaje kilomita nne na lita ishirini. Ukumbi ulikuwa kimya, kisha ukalipuka kwa makofi. Warsame alisubiri, akatabasamu, akasema, "Hawa mama zetu wanataka maendeleo yaje, ila yasiwaambie sogea kidogo." Watu kumi hivi wakacheka.

Na mkono wa Akidor ulikuwa ukifanya kazi. Mama Abiba alipofungua kinywa, fada yake ilishuka upana wa kucha tu. Akamwondolea ule uzito wa chini wa sauti, ikabaki ile ya puani. Akafungua maiki ya ukumbi, ile iliyoning'inizwa juu ya watazamaji, feni na vikohozi na viti vikaingia vikamfunika. Makofi yalipolipuka aliifunga maiki hiyohiyo, na nyumbani ikasikika kama watu watatu wanapiga viganja kwa adabu. Warsame alipopiga mzaha wake, akaifungua tena hadi juu, na vicheko vya watu kumi vikawa vya ukumbi mzima.

Rimberia alikuwa akimnong'onezea sikioni kupitia hedifoni. "Zuri. Hapo hapo. Muache hapo."

Ukweli lazima usemwe: amri ya Rimberia ilikuwa mlango tu. Aliyeingia ni Akidor, na aliingia kwa miguu yake. Kila alipomvuta yule mama chini aliona mtungi, na mate yaliyotemwa ardhini, na mgongo wa mama yake ukiondoka. Alisikia utamu. Kwa saa nzima alisikia utamu.

Alirudi nyumbani saa kumi na moja, jua bado liko juu. Akuam alikuwa amekaa kwenye mkeka, runinga imezimwa. Akidor aliweka mkoba chini akingoja mama yake aseme jambo la furaha, kwa kuwa alijua ametazama.

"Yule mwanamke mmemfanya nini?" Akuam aliuliza.

"Nani?"

"Usiniulize nani. Nimefanya kazi na Abiba miaka tisa. Akiita mtu yuko ng'ambo ya barabara, yule mtu anageuka. Leo ameongea kama mgonjwa. Abiba haongei hivyo."

"Labda aliogopa kamera."

"Abiba?" Akuam alifyonza. "Ni mkono wako."

Akidor akasema kwa ukali, "Alikutemea mate mbele ya watu. Unamtetea?"

"Simtetei. Namchukia kuliko wewe. Lakini yeye alinifanyia mchana, nikiwa nimesimama, nikamwona uso. Wewe umemfanyia mahali ambapo hawezi kukuona." Akuam alivuta shuka yake begani. "Na umeniingiza mimi ndani. Watu watasema Akuam amelipiza. Nani alikutuma?"

"Meneja."

"Basi umekuwa mkono wa Warsame. Hata si wangu." Baada ya hapo hakusema naye tena jioni ile.

Kesho yake mambo yaliharibika upande ambao Akidor hakuutarajia. Akina mama waliobaki kwenye steji Jumatano walikuwa wameutazama mdahalo kwenye runinga ya hoteli ya jirani, na waliona mwenyekiti wao akinong'ona mbele ya Warsame kama mkwe. Aliyesimama kusema ni Tari, mama mmoja aliyekuwa akikitamani kile kiti muda mrefu. "Mtu hanong'oni bure," Tari alisema. "Ukiona simba amelia kama paka, jua amelishwa." Mama Abiba aliapa kwa Mungu kwamba aliongea kwa nguvu zote. Wachache waliokuwa ukumbini walimuunga mkono, wakaambiwa nao wamelishwa. Kufika saa nne Tari alikuwa mwenyekiti, na Mama Abiba alikuwa anashushiwa mitungi yake pembeni, peke yake, kama mwenye ukoma.

Mchana Mama Abiba alipanda ngazi za Mkondo na akina mama wawili nyuma yake. Hakubisha hodi.

"Ni nani anakaa kwa sauti hapa?" aliuliza.

Rimberia alitoka ofisini akiwa na tabasamu. Alisema kituo kinasikitika, kwamba kulikuwa na kosa la kiufundi, kwamba fundi wa sauti alizembea na atachukuliwa hatua. Akanyoosha kidole kwenye kioo. Upande wa pili wa kioo alikuwa Akidor.

Mama Abiba alimtazama. "Aa," alisema. "Kumbe ni deni la mama yako."

Akidor alifungua mlango. "Mwambie ulichoniambia," akamwambia Rimberia. "Mwambie saa nane na nusu uliniambia nini."

"Mimi? Nilikuambia ufanye kazi yako."

"Uliniambia nimshushe."

"Kuna mtu alisikia?" Rimberia aliuliza kwa upole, akimgeukia Mutuma aliyekuwa amesimama kando na kikombe cha chai. Mutuma alitazama ndani ya kikombe.

Mama Abiba aligeuka akaondoka. Mlangoni alisema bila kutazama nyuma, "Mama alitia maji kwa maziwa, msichana anatia maji kwa maneno. Ni kazi ya nyumba yenu."

Jioni Rimberia alimpa Akidor barua ya onyo, na pamoja na barua akataka kadi ya kinasa sauti. Hapo lazima nieleze kidogo. Katika kazi ile kila maiki hunaswa peke yake, kabla sauti haijafika kwenye fada, ili jambo likiharibika lipate kurekebishwa baadaye. Kwa hiyo mle ndani ya kadi Mama Abiba alikuwapo mzima, bila feni, bila kupunguzwa, jinsi alivyotoka kinywani. Akidor alitoa kadi. Hakusema kwamba nakala alishaifanya mchana uleule, Mama Abiba alipoondoka.

Alikuwa ameifanya ili ajitetee. Lakini usiku kucha aliipindua akilini na kila alivyoipindua ilimchoma mwenyewe. Kadi haikuwa na sauti ya Rimberia. Maneno yake yalipita kwenye waya wa hedifoni, na waya ule haukunaswa. Kadi ilithibitisha jambo moja tu, kwamba yule mama aliongea kwa nguvu na kwamba kati ya kinywa chake na masikio ya watu palikuwa na mkono. Na kwenye ule mkono hapakuwa na kidole cha mtu mwingine.

Jumamosi saa moja asubuhi alifika steji ya maziwa amebeba spika ya kanisa kichwani. Wa kwanza kumwona ni Tari. "Unatafuta nini hapa? Mitungi imeoshwa."

Akidor aliweka spika juu ya kreti, akaunganisha simu, akasema kwa sauti kavu, "Hii ndiyo mliyoisikia kwa runinga." Ikatoka ile sauti nyembamba, ya puani, iliyozama kwenye feni. Wanawake walisogea. Alikata. "Na hii ndiyo aliyoiongea." Steji yote ikajaa Mama Abiba. Kuli mmoja aligeuka kumtafuta alikosimama, akidhani amepiga kelele nyuma yake.

Waliisikiliza hadi mwisho, basi na mtungi na mtoto mgongoni. Ilipokwisha, Tari aliuliza, "Sasa nani aliigeuza?"

"Mimi," Akidor alisema. "Niliambiwa na meneja, na yeye anakataa. Lakini mkono ni wangu."

Maziwa yalimpata usoni kabla hajamaliza. Hakujua nani aliyeyamwaga, na hakufuta. Mwingine akaisukuma spika kwa mguu ikaanguka. Walimzunguka, kila mmoja na neno lake, kwa Kiborana, kwa Kisomali, kwa Kiswahili, na matusi mengine hata hayakuhitaji lugha. Aliyepasua njia ni Mama Abiba. Alikuja polepole, akasimama mbele yake, karibu kama siku ile ya maiki.

"Uliambiwa," alisema.

"Ndiyo."

"Ungekataa."

"Ningeweza kukataa. Sikutaka."

Mama Abiba alikitikisa kichwa kama mtu aliyepata hesabu yake. "Kwa sababu ya mama yako."

"Mama yangu hakutia maji."

"Alitia."

"Hakutia."

Walitazamana. Hakuna aliyerudi nyuma. "Sitakusamehe," Mama Abiba alisema, "na usije ukafikiri umenifanyia wema. Umenirudishia kitu changu tu. Sasa toka hapa."

Akidor aliokota spika, moja ya pembe zake imepasuka, akaondoka na maziwa yakimkaukia shingoni. Nyuma yake alisikia ugomvi mpya ukianza, safari hii kati ya wale waliomtoa Mama Abiba kitini na wale waliosema arudishwe.

Walimrudisha siku hiyohiyo. Jumatatu aliingia kwenye kikao cha kamati na ile sauti, aliyoinasa binti yake pale steji kwa simu, wanakamati wakaisikiliza, wakaona aibu, wakaahirisha uamuzi. Hadi leo haujatolewa. Soko la Warsame limefungwa kufuli na mbuzi wanalala kwenye veranda yake, na steji iko palepale.

Lakini Akidor hakupata hata kokoto katika ushindi huo. Rimberia alimfukuza, kisha akatoka mwenyewe kwenye taarifa ya saa moja akasema kwamba mfanyakazi mmoja aliendeleza chuki za kikabila na kituo kimemwondoa. Hakumtaja jina, lakini nani hakujua? Majirani wa Kambi Garba nao walimgeuka. Wengine walimlaumu kwa kuwatia doa Waturkana wote, wengine kwa kwenda kukiri mbele ya maadui, na pande zote mbili zilisema hayo kwenye bomba la maji akiwa anasikia. Mwalimu wa kwaya alidai spika yake iliyopasuka. Akuam hakumpongeza. Siku ya steji alimpa maji ya kunawa maziwa usoni, akamtazama akinawa, akasema, "Mkali kama baba yako, na mjinga kama yeye," akaenda kupika. Tangu hapo walikuwa wakizungumza, kwa kukatakata, lakini wakizungumza.

Alikaa miezi mitano bila kazi ya maana. Hakuna aliyetaka kumkabidhi sauti yake. Alifunga spika kwenye harusi mbili, ya tatu bwana harusi alipomtambua akamwambia akusanye waya zake. Mwishowe kundi moja la watengeneza vipindi kutoka Meru, ambao hawakujali habari za Isiolo, walimchukua kwa kipindi cha runinga kuhusu minada ya mifugo.

Siku yao ya kwanza ilikuwa Oldonyiro. Upepo ulikuwa mkali, vumbi likipita kwa mafungu, na Akidor alivalisha maiki ile soksi ya manyoya ya kuzuia upepo, akaishika kwenye mti wake mrefu juu ya mchungaji mmoja aitwaye Erot, mtu mzima mwenye fimbo na jicho moja lenye mtoto wa jicho. Kamera ilikuwa tayari. Erot hakuongea.

"Wewe ni yule wa maziwa," alimwambia Akidor.

"Ni mimi."

"Uliharibu maneno ya yule mama."

"Niliharibu."

Mpiga picha alianza kumwomba radhi mzee, Akidor akamnyamazisha kwa mkono. Erot alichoma fimbo ardhini. "Mimi siongei na mtu kama wewe juu ya kichwa changu. Nipe hiyo kitu ya masikio nisikie mwenyewe unanichukua vipi."

Akidor alivua hedifoni akampa. Mzee alizivaa vibaya, akazigeuza, akasimama akisikiliza. Alisema jina lake. Akasema jina la baba yake. Akaita kondoo wake mmoja aliyekuwa mbali, akasikiliza tena, uso haubadiliki. Kisha akazivua akamrudishia bila asante.

"Haya," alisema. "Niulizeni."

Akidor alivaa hedifoni, akaisogeza maiki karibu kidogo na kinywa cha mzee, akamwashiria mpiga picha aanze.